Lois Weber: Kutoka dola 50,000 kwa filamu moja hadi kuzikwa kwa pesa ya rafiki. Alikwama wapi?

Kibatari wa Sinza #1
Wakuu, leo tuiache siasa kidogo.

Yakizungumzwa mambo ya mwanzo wa Hollywood utasikia Griffith, DeMille, Chaplin, basi. Wachache sana wanamtaja Lois Weber, mwanamke wa kwanza kuongoza filamu, ambaye mwaka 1916 pale Universal hakuna mwongozaji aliyelipwa kumzidi. Kazaliwa 1879 Allegheny, Pennsylvania. Kapiga piano, kahubiri injili mitaani, kaingia jukwaani, 1904 kaolewa na mwigizaji mwenzake Phillips Smalley. Miaka michache mbele wako Gaumont, New York, na hapo ndipo mambo yalipoanza: anaandika hadithi, anaigiza, anaongoza, mkanda anakata mwenyewe. 1913 kawa meya wa Universal City, mji wa studio ya Universal. 1916 kawa mwanamke wa kwanza kupokelewa kwenye chama cha waongozaji. 1917 kafungua studio yake. 1920 Famous Players-Lasky (hao hao Paramount) wakamwekea mezani dola 50,000 kwa kila filamu, na nusu ya faida juu.

Baada ya hapo ni kuporomoka. Ilipofika 1922 mkataba hakuna, mume hakuna, na kimya kikatanda hadi 1926. Filamu ya mwisho 1934. Novemba 1939 kafa kwa vidonda vya tumbo akiwa na miaka 60, na inaelezwa kwamba mazishi yaligharamiwa na rafiki yake, mwandishi Frances Marion.

Msimamo wangu: ni talaka. Aliachana na Smalley 1922 na nyota ikafifia hapo hapo. Anayepinga aje na hoja, matusi aache kwao.

Siti ya Mbele #2
Nimewahi. Karanga ninazo, kahawa aje nayo mwingine.

Nakala Halisi #3
Uzi mzuri mkuu, ila rekebisha mawili.

Wa kwanza duniani ni Alice Guy, Mfaransa, alianza kuongoza 1896 pale pale Gaumont, Paris. Tena aliyekuwa akisimamia Gaumont ya Marekani wakati Weber anaingia ni Herbert Blaché, mumewe Alice Guy. Kwa hiyo hawa wawili walikuwa chini ya paa moja. Weber ni Mmarekani wa kwanza mwanamke kuongoza filamu ndefu, *The Merchant of Venice* ya 1914. Portia kaigiza yeye, Shylock kaigiza Smalley.

La pili, hakukaa kimya hadi 1926. Mwaka 1923 alitoa *A Chapter in Her Life*, akiwa amerudi Universal.

Kibatari wa Sinza #4
Filamu moja ndani ya miaka minne. Haya, tuuite mnong'ono.

Dada Muswada #5
Mimi naandika skripti za Bongo Movie, na hii hoja ya talaka naijua kwa ndani, kwa hiyo ngoja niseme.

Filamu zao za mwanzo zilikuwa zikitangazwa kama kazi ya "akina Smalley", mume na mke. Lakini aliyekuwa anaandika ni mke, na kadiri miaka ilivyokwenda jina lililobaki juu ni la mke. Studio ya 1917 iliitwa Lois Weber Productions, si Smalley and Wife.

Sasa kisa changu. Niliandika na aliyekuwa mume wangu kwa miaka. Naandika usiku watoto wakilala, asubuhi yeye anavaa shati anakwenda kuonana na msambazaji. Kasha likitoka, pale kwenye "hadithi" kuna jina lake. Tulipoachana sikusahau kuandika hata mstari mmoja. Kilichokufa ni simu. Msambazaji yule, ambaye simtaji, nilimpelekea kazi mpya iko mezani, akaniuliza "shemeji hajambo?" Nikamwambia nimeleta skripti. Akaniambia nimwite shemeji waje waongee.

Kwa hiyo ndiyo, talaka inaua kazi. Lakini haiui kwa njia anayodhani mleta uzi.

Kibatari wa Sinza #6
Kwa maneno mengine unakubaliana na mimi.

Dada Muswada #7
Soma tena taratibu. Wewe unasema Lois alimtegemea mume. Mimi nasema wenye pesa ndio waliomtegemea mume.

Siti ya Mbele #8
Hapo Kibatari umezimwa 😂

Mnyamwezi wa Aggrey #9
Mnazunguka ndoa za watu wakati jibu liko kwenye biashara. Acha mfanyabiashara aseme.

Ule mkataba wa 50,000 ulikuwa mtamu lakini una mwiba. Weber alikuwa anatengeneza, Paramount wanasambaza. Na miaka hiyo hiyo kuanzia 1919 Paramount walikuwa wanamwaga pesa kununua kumbi za sinema nchi nzima. Yaani mwenye kiwanda ndiye mwenye lori ndiye mwenye duka. Mwenye ukumbi ambaye si wao analazimishwa kuchukua furushi zima la filamu, nzuri na mbovu, la sivyo hapewi ile yenye staa anayemtaka. Mtindo huo uliendelea hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoupiga marufuku 1948.

Sasa Weber kawapelekea *What Do Men Want?* Hawakuipenda. Wakaikataa, mkataba ukafa. Filamu hiyo pamoja na *The Blot*, zote za 1921, zikaangukia kwa kampuni ndogo ya F. B. Warren. Kampuni yenyewe haikudumu. Filamu unayo, ukumbi huna. Ungemuozesha hata kwa waume watatu, hakuna ambaye angemfungulia milango ya kumbi zile.

Tena hakuwa peke yake. Kampuni ndogo zilizoongozwa na wanawake miaka ya 1910 zilikuwa nyingi. Benki zilipoingia Hollywood kwa nguvu, zikataka mahesabu ya kiwanda, na karibu zote zikafutika ndani ya miaka michache. Zote hizo zilipata talaka?

Mwalimu Chaki #10
Mnyamwezi ameongea, lakini tujiulize: kwa nini Paramount hawakuzipenda? Nimeiangalia *The Blot* mara mbili na nadhani najua.

Hadithi ni ya familia ya profesa, Griggs. Mshahara mdogo mpaka aibu. Jirani yao ni fundi viatu, Olsen, ambaye mambo yake yamenyooka: gari, nyama, viatu vipya vya watoto. Weber hakuonyeshi umaskini kwa kilio. Anakupeleka karibu na zulia lililotoboka, na kiti ambacho kitambaa chake kimechanika, na anakuachia uangalie mgeni tajiri anavyokaa juu yake. Paka wa profesa anakula jalalani kwa jirani. Halafu mke wa profesa, binti yake mgonjwa, anasimama anaangalia kuku aliyeokwa kwenye dirisha la jikoni la jirani. Anaangalia. Mkono unakwenda. Anamchukua, kisha roho inamsuta anamrudisha. Shida ni kwamba binti kaona kuchukua, hakuona kurudisha.

Nyumba zile zilikuwa nyumba za kweli, si za kupakwa rangi studio. Na hoja ya filamu ni moja: nchi inayowalipa walimu na wachungaji mishahara ya namna ile ina doa.

Sasa fikiria 1921. Vita imekwisha, vijana wanataka jazi, sketi fupi, magari. Unawaletea profesa mwenye njaa na kuku wa jirani! Mimi nasema zama zilimpita. Alikuwa mhubiri, na watu hawakutaka tena mahubiri.

Kijana wa Kibo #11
Mwalimu hapo kwenye mshahara uliandika kwa machozi kabisa

Mwalimu Chaki #12
Kijana, kuku wa jirani yangu anapita hapa mlangoni sasa hivi. Usinijaribu.

Siti ya Mbele #13
😂😂 Mwalimu mrudishe wakiwa wote wanaona

Bi Kibokoni #14
Salaam kutoka Mombasa. Mie *The Blot* sijaiona, niliyoiona ni *Shoes* ya 1916, na sikubaliani na Mwalimu kwamba alikuwa mhubiri.

Msichana aitwa Eva, auza dukani, vitu vya senti. Mshahara wote ampa mama. Baba mzima wa afya alala kitandani asoma riwaya. Viatu vya Eva vimeisha soli, kila jioni akata kadibodi aitia ndani, mvua ikinyesha kadibodi yageuka uji. Yuaja nyumbani, atia miguu katika maji ya moto, na kamera yaitazama ile miguu, yatazama viatu, hata wewe uliyekaa wahisi baridi. Njiani kuna dirisha lenye viatu vipya. Mwisho wake ajiuza kwa mwanamume wa kilabu ili avipate.

Mhubiri angemtia motoni yule msichana. Weber hakumtia. Lawama yote yaenda kwa baba aliyelala na kwa mwenye duka alipaye vile. Huo ni uwakili jamani, si mahubiri.

Nakala Halisi #15
Bi Kibokoni asante. Nakala ya *Shoes* tunayoiona leo imeokolewa Uholanzi, jumba lao la filamu ndilo lililofanya kazi ya kuirudisha. Aliyeigiza Eva ni Mary MacLaren.

Na kuhusu uhubiri, msisahau *Hypocrites* ya 1915. Humo Ukweli ni mwanamke aliye uchi kabisa, anapita kama kivuli kwa ufundi wa kupiga picha mara mbili juu ya mkanda mmoja, ameshika kioo anawamulika waumini wanafiki. Meya wa Boston alitaka mwanamke yule apakwe nguo kwa brashi, picha moja baada ya nyingine. Mhubiri wa namna hiyo hata mimi ningekwenda kanisani kwake.

Kijana wa Kibo #16
Link ya Hypocrites tafadhali. Kwa ajili ya utafiti.

Siti ya Mbele #17
Utafiti wa Ukweli 😂

Mtaa wa Tatu #18
Mmeanza kumvika utakatifu. Mbona hamtaji *Where Are My Children?* ya 1916?

Ile filamu ina sura mbili, na moja inanuka. Inaanza na daktari aliyeshtakiwa kwa kugawa maarifa ya uzazi wa mpango kwa maskini, jambo lililokuwa kosa kwa sheria ya Marekani ya 1873. Hapo Weber kamtetea, na ilihitaji moyo. Lakini sikiliza sababu: maskini wapunguze kuzaa kwa sababu watoto wao ndio wanaojaza magereza, na matajiri wazae kwa sababu damu yao ni bora. Halafu wake wa matajiri wanaotoa mimba ndio wanaoadhibiwa: mwendesha mashtaka anagundua mkewe na marafiki zake ni wateja wa daktari mwingine, mtoa mimba anayemshtaki, na mke hatazaa tena. Hiyo ni elimu ya kuchagua kizazi, ileile iliyokuja kuleta maafa Ulaya. Pennsylvania waliipiga marufuku kwa sababu nyingine, si kwa hiyo.

Kwa hiyo watu wakisema historia ilimsahau kwa kuwa ni mwanamke, mimi nasema sehemu ya kazi yake ilistahili kuoza.

Dada Muswada #19
Mtaa wa Tatu, la damu bora nakubali, linanuka kweli. Lakini Griffith alitoa *The Birth of a Nation* 1915, filamu inayowapigia makofi Ku Klux Klan, na hakusahauliwa. Anafundishwa vyuoni hadi leo. Kama uovu wa filamu ndiyo sababu ya kusahauliwa, mbona mizani ina mkono mmoja?

Mtaa wa Tatu #20
Hilo halijibiki haraka. Nitarudi.

Fundi Projekta #21
Wajukuu, mimi nilikuwa chumba cha projekta Dar es Salaam wakati kumbi za sinema bado zina foleni. Mnajadili kusahauliwa kana kwamba watu walikaa kikao wakapiga kura. Tuzungumze kuhusu mkanda.

Filamu za enzi ya Weber zilikuwa kwenye mkanda wa nitrati. Ule ukishika moto hauuzimi, unaendelea kuwaka hata ndani ya maji. Usipowaka unaoza: kwanza picha inafifia, kisha mkanda unanata, kisha unakuwa gundi, mwisho unga wa kahawia kwenye kopo. Sisi tulikuta mkanda wa baadaye, ule usiolipuka, na huo nao una ugonjwa wake. Ukifungua kopo lililokaa na joto la Pwani harufu ya siki inakupiga puani kabla hujaona kitu, mkanda umejikunja na hauingii tena kwenye meno ya projekta. Tulikuwa tunatupa. Hakuna aliyeuliza mwongozaji ni mwanamke au mwanamume.

Studio zenyewe nazo zilitupa. Universal waliteketeza filamu zao bubu zilizokuwa zimebaki mwaka 1948. Ghala la Fox kule New Jersey liliungua 1937. Watafiti wa Maktaba ya Bunge la Marekani wanasema kama asilimia 70 ya filamu ndefu bubu za Marekani zimepotea kabisa. Weber kazi zake nyingi alizifanyia Universal. Hesabu hapo.

Kibatari wa Sinza #22
Shikamoo mzee. Lakini hiyo inaeleza kwa nini sisi hatumjui. Haielezi kwa nini 1922 simu iliacha kulia.

Fundi Projekta #23
Marahaba. Nami sikusema inaeleza yote.

Zeze la Ujiji #24
Kuna aliyetaja sauti? Filamu za kuzungumza zilikuja 1927, kama sikosei wengi waliangukia hapo. Kazoea bubu, hawezi kuandika mazungumzo.

Nakala Halisi #25
Zeze, Weber alishaanguka miaka mitano kabla ya sauti. Na alianzia wapi? Gaumont walikuwa na mtambo wao wa kuoanisha picha na santuri, kwa hiyo sauti aliikuta siku ya kwanza kazini. Halafu Dorothy Arzner, mwanamke, aliongoza filamu za sauti pale Paramount bila shida na akaendelea hadi 1943.

*White Heat* ya 1934 ndiyo filamu pekee ya sauti ya Weber. Kaipigia Hawaii, kwenye mashamba ya miwa, kisiwa cha Kauai. Haikumrudisha.

Kibatari wa Sinza #26
Arzner umemleta vizuri, maana anavunja hoja ya Mnyamwezi. Kama viwanda vikubwa viliwafukuza wanawake wote, Arzner alipitia dirisha gani?

Na ngoja niwape nyingine. 1926 Weber anaolewa tena, na Kapteni Harry Gantz. Mwaka huo huo anatoa *The Marriage Clause*. Mume karudi, kazi imerudi. Nisaidieni hapo 😎

Dada Muswada #27
Gantz alikuwa mwanajeshi mstaafu mwenye shamba la machungwa Fullerton. Alimsaidia kuongoza nini, machungwa?

Mnyamwezi wa Aggrey #28
Arzner aliajiriwa. Alipanda ngazi ndani ya kiwanda chao, akaanzia kupiga chapa, kukata mkanda, hadi kiti cha mwongozaji. Mimi sikusema wanawake walifukuzwa. Nimesema waliokuwa na duka lao wenyewe walifungiwa duka. Hayo ni mambo mawili.

Bongo LA #29
Niko Los Angeles. Nyota yake, zile wanazowekewa mastaa chini njiani, ipo Hollywood Boulevard. Nilimuuliza muuza fulana pale ni nani, akasema ni mhubiri wa redio.

Kijana wa Kibo #30
Tuache kidogo. Kuna anayejua ile *Suspense* ya 1913? Dakika kama 10 hivi, nimeiangalia kwenye daladala. Yule mwigizaji Lon Chaney yumo kweli?

Nakala Halisi #31
Hilo la Lon Chaney ni chai. Mzururaji ni Sam Kaufman, mume ni Val Paul, mke ni Weber mwenyewe.

Ila filamu ni moto. Mtumishi anaacha kazi kimyakimya, ufunguo anauficha chini ya zulia la mlangoni, na mzururaji anaukuta. Mke yuko ndani na mtoto mchanga, anampigia mume simu. Hapo skrini inagawanyika pembetatu tatu kwa mpigo: mume katikati, mke pembe moja, mzururaji pembe nyingine anaingia, kisha anakata waya wa simu. Mume anaiba gari lililokuwa barabarani, mwenyewe na polisi wanamfukuza, na unawaona polisi wanakaribia ndani ya kioo cha pembeni cha gari. Mwaka 1913! Kuna pale mke anachungulia dirishani, mzururaji yuko chini kabisa, anainua uso taratibu anamtazama yeye, na wewe.

Kijana wa Kibo #32
Pale nilishuka kituo cha mbele.

Mtaa wa Tatu #33
Nimerudi. Dada Muswada, kwenye mizani una haki nusu. Lakini basi tuwe wakweli, kama tunafufua waliosahauliwa, Oscar Micheaux yuko wapi kwenye uzi huu? Mtu mweusi, kaandika na kuongoza filamu yake ya kwanza 1919, akizunguka mwenyewe kuuza kutoka ukumbi hadi ukumbi. *Within Our Gates* ya 1920, nakala iliyobaki ilikutwa Hispania, kwa jina la Kihispania. Huyo hakuwahi kupewa dola 50,000 aanguke nazo.

Zeze la Ujiji #34
Na sisi je? Nilisoma kwamba *Trader Horn* ilipigwa huku kwetu.

Nakala Halisi #35
Kweli, mwongozaji W. S. Van Dyke aliwaleta studio ya MGM Afrika Mashariki 1929, Kenya, Tanganyika, Uganda, hadi Congo, ikatoka 1931. Fungulia uzi wake, hapa tutapotea.

Bi Kibokoni #36
Yule mwigizaji wao wa kike aliugua maradhi ya huku miaka na miaka. Haya, nanyamaza.

Mwalimu Chaki #37
Nirudi kwenye swali. Kibatari na Mnyamwezi, mbona wote mnamwacha Weber nje ya maamuzi? Mwigizaji Claire Windsor aliibuliwa na Weber, na Weber angeweza kumtengenezea filamu tano za kucheza dansi akatajirika. Hakutaka. Alichagua profesa na kuku. Mtu anaweza kushuka kwa kukataa kupanda.

Dada Muswada #38
Mwalimu hiyo ni tamu kuisoma ila si kweli. 1926 na 1927 alikubali kabisa kufanya kazi za mastaa, Billie Dove na wengine. Hakukataa kazi. Kazi zilikuwa chache.

Mnyamwezi wa Aggrey #39
Na *The Angel of Broadway* ya 1927 aliifanya chini ya kampuni ya nani? Ya DeMille. Aliyekuwa akitajwa naye sambamba miaka kumi nyuma, sasa ndiye bosi. Huyo DeMille alikuwa na kampuni kwa sababu alijua nani ana kumbi.

Kibatari wa Sinza #40
Au kwa sababu DeMille hakuwahi kupewa talaka 😏

Dada Muswada #41
Smalley naye alipewa talaka ile ile. Kuanzia 1922 alibaki kucheza vipande vidogo vidogo kwenye filamu za wengine, naye akafa 1939 hiyo hiyo, Mei. Sasa uniambie nani alikuwa anamshika nani.